Koko anakunywa dawa gani? Juu ya wazee wetu wanaoishi na virusi vya SIDA

Wandugu wahitimu, na ninyi ambao mungali kwenye mabenchi ya chuo,

Tukizungumza juu ya SIDA kwenye mikutano yetu, picha inayokuja kichwani ni ya kijana. Mabango ni ya vijana, kapoti zinagawiwa kwa vijana, hotuba za tarehe 1 Desemba zinasemwa kwa vijana. Leo nataka tuongee juu ya mtu mwingine: mama wa miaka 62 anayelima maharagi huko Kabare au Walungu, baba wa miaka 58 aliyemaliza kazi ya serikali bila kuona pensheni, koko anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao hawapo tena. Hao nao wanaishi na virusi. Kuna walio navyo tangu miaka ishirini, na kuna walio navyo bila kujua.

Mimi si munganga. Lisansi yangu ni ya kilimo. Lakini kazi yetu inatupeleka kwa wakulima, na mkulima wa Kivu ya leo ni mzee. Vijana wako mjini ao kwenye machimbo, anayeshika jembe ni koko. Basi ukiuliza kwa nini shamba fulani halikupandwa kwa wakati, mara nyingine jibu haliko kwenye udongo, liko kwenye figo za mwenye shamba.

Kwanza tujue wazee hawa wametoka wapi. Mwaka 1983 waganga kutoka Ubelgiji na Marekani walikuja Kinshasa na, pamoja na Daktari Kapita wa hopitali Mama Yemo, waliona wodi zimejaa watu wanaokonda na kufa. Mwaka 1984 wagonjwa 38 wa Kinshasa waliandikwa kwenye jarida la The Lancet. Wakati ule kupatikana na ugonjwa ilikuwa kama kuandikiwa tarehe ya kufa. Hakuna aliyewaza kwamba mgonjwa wa SIDA atazeeka. Dawa za ARV zilipoanza, zilikuwa za bei ambayo hata mwalimu wa chuo hangeweza kulipa.

Hapa Bukavu, shirika la Waganga Wasio na Mipaka, ile MSF, lilianza kugawa ARV mwaka 2003. Wengi walisema haiwezekani, eti mtu hawezi kunywa dawa kila siku katikati ya vita. Mwezi wa 5 na wa 6 mwaka 2004 mapigano yakaingia mjini. Mwaka 2007 makala ilitoka katika PLoS Medicine ikieleza kazi ile, na matokeo yake hayakuwa mabaya kuliko yale ya nchi maskini zisizo na vita. Sasa fanyeni hesabu kidogo. Aliyekuwa na miaka 38 akimeza kidonge cha kwanza mwaka 2003, leo amepita 60. Dawa ilifanya kazi yake. Swali ambalo halikutayarishiwa jibu ni hili: mtu huyu aliyenusurika, nani anamutunza akizeeka?

Tena wale wa mwanzo wanabeba alama ambazo vijana hawana. Dawa moja ya wakati ule, stavudini, ilikuwa ya bei ndogo na iliokoa watu wengi, lakini ilikuwa inaharibu mishipa ya fahamu na kunyonya mafuta ya mashavu na miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, likaomba nchi ziiache polepole. Lakini mshipa ulioharibika haurudi kila mara. Mukikutana na mama anayesema miguu inamuwaka usiku kama imewekwa kwenye makaa, na anaogopa kuvaa viatu vilivyofunga, musikimbilie kusema ni ulozi. Muulize kwa heshima alianza dawa mwaka gani.

Sasa tuje kwa wale ambao hawajui. Hapa ndipo mimi naona kosa kubwa, na ni kosa la hesabu. Ule uchunguzi mkubwa wa kitaifa, EDS ya 2013-2014, ndio ulitupa namba tunayokariri wote: asilimia 1,2 ya watu wa Kongo wana virusi. Lakini soma vizuri: ni watu wa miaka 15 mpaka 49. Wanawake waliopimwa walikuwa wa miaka 15 mpaka 49, wanaume 15 mpaka 59. Mama wa miaka 50 hakuwemo, kana kwamba siku ya kutimiza miaka 50 mtu anatoka duniani. Kwetu kwenye kilimo tunajua: shamba ambalo halikupimwa halipati mbegu.

Na milango ya kupimwa pia inafungwa na umri. Mwanamke kijana anapimwa akiwa na mimba, kwenye mashauri ya kabla ya kuzaa. Akimaliza kuzaa, mlango ule umefungwa. Mwanaume hakuwa nao tangu mwanzo. Inabaki kupimwa ukiwa umeugua tayari, na hapo munganga mwenyewe haoni. Mzee wa miaka 65 akikonda, watasema ni sukari, ni uzee, ni mawazo. Huku kwetu Kivu ya Kusini watasema pia ni karuho, ile sumu ya polepole, na familia itauza mbuzi ili kumpeleka kwa mtu wa kutapisha. Nimesikia mama mmoja mzee akijieleza: "Njaa iko, chakula minakula, lakini minakonda tu." Miezi minane alikunywa majani. Hakuna mtu aliyemuuliza kama anaweza kupimwa damu, juu kila mtu aliona haya kumuuliza mama wa umri ule swali la namna ile.

Haya hiyo ndiyo inaua. Tunajifanya kwamba wazee hawalali na mtu. Lakini mjane anaoa tena, mama aliyefiwa anapata rafiki, mzee mwenye pesa kidogo anajulikana kwa wasichana wa mtaa. Na kuna jambo lingine ambalo watu wa huku tunalijua na hatulisemi: katika vita zetu, hata akina mama wazee walibakwa. Dawa ya kuzuia maambukizo lazima ianze ndani ya masaa 72 na inakunywewa siku 28. Mama wa miaka 60 anayo haki ileile ya kupewa dawa hiyo kama msichana wa 18, lakini ni nani amemwambia? Tena mwili mkubwa hausubiri. Kwa mtu aliyeambukizwa akiwa na umri mkubwa, askari wa damu, zile seli za CD4, zinashuka haraka zaidi, na hata akianza dawa zinapanda polepole kuliko za kijana. Kila mwezi wa kuona haya unalipwa na mwili wake.

Mtu aliyeanza dawa na anazifuata vizuri, virusi vyake vinalala. Damu ikipimwa, havionekani tena. Kwa nini basi anapata tansio, sukari, ugonjwa wa moyo mapema kuliko jirani yake wa umri uleule? Waganga wanaeleza hivi: hata virusi vikilala, kinga ya mwili haipumziki kabisa. Inabaki katika hali ya tahadhari miaka na miaka. Muwaze mashini ya kusaga unga ambayo imewashwa asubuhi na hakuna muhindi ndani. Haisagi kitu, lakini inakula mazutu, na vyuma vinachakaa. Mishipa ya damu inachakaa namna ile. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa REPRIEVE yalitangazwa, watu 7.769 wa miaka 40 mpaka 75 wanaoishi na virusi katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Nusu walipewa statini, dawa ya kushusha mafuta ya damu, ingawa hatari yao ya moyo haikuonekana kubwa. Kwao, matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 35. Sisemi mukimbie farmasi kununua statini, hapana. Nasema tu: moyo wa mtu mwenye virusi unastahili kuangaliwa kabla haujaanza kulia.

Na kuangalia huko si mambo ya mashini za Ulaya. Kifaa cha kupimia tansio kiko karibu kila santre de sante. Sukari inapimwa kwa tone moja la damu. Mkojo unapimwa kwa kijiti. Taabu ni kwamba kwenye santre nyingi, mlango wa SIDA na mlango wa tansio ni milango miwili, siku mbili, karatasi mbili. Mzee anakuja Jumanne kuchukua ARV, anahesabiwa vidonge, anaenda. Hakuna aliyemfunga mkono kupima tansio, juu mradi unaolipa ARV haulipi tansio. Kiisha anaambiwa arudi Alhamisi kwa ile ingine, na moteri ya kutoka kilimani ni pesa ya maharagi ya juma nzima. Mimi ningekuwa na nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu, ningebadilisha hicho: mzee aketi kiti kimoja, siku moja, mtu mmoja amuangalie mwili wote.

Sasa jambo ambalo linaniuma zaidi, na linagusa wakulima moja kwa moja. Mzee analima, mgongo unamuuma. Anatuma mjukuu kwa farmasi ya barabara: "Unipatie diklo." Diklofenaki, ao ibuprofeni. Inamsaidia, anarudi kuinama shambani, kesho anakunywa tena. Lakini kidonge cha ARV ambacho wengi wanapata siku hizi, kile kimoja kwa siku, kimeunganisha dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni dawa nzuri sana, nguvu yake haina mashaka. Ila tenofoviri inapita kwenye figo, na kwa watu wengine inaichosha. Diklofenaki nayo inachosha figo. Ukiongeza umri, ukiongeza tansio, ukiongeza jua la shambani bila maji ya kunywa, figo inaanguka kimya kimya. Figo haipigi kelele. Mtu anavimba miguu wakati imeshaharibika, na kuoshwa damu kwa mashini huku kwetu ni ndoto ya watu wachache. Kwa maumivu ya kila siku parasetamoli, kwa kipimo chake, ni salama zaidi kwa figo. Na mwenye farmasi anapaswa kuuliza kabla ya kuuza. Kama hakuuliza, mjukuu aseme: "Koko anakunywa dawa zingine." Si lazima aseme ni gani mbele ya watu kumi.

Kuna na michanganyiko mingine inayofaa kujulikana. Mzee mwenye sukari mara nyingi anapewa metiformini. Dolutegraviri inapandisha metiformini ndani ya damu, kwa hiyo kwa kawaida munganga hapitishi gramu moja kwa siku. Kama munganga wa sukari hajui kwamba mgonjwa yuko kwenye ARV, ataandika zaidi. Zile dawa za kutafuna za tumbo, za watu wenye gasitriti, zenye aliminiumu ao manyeziumu, zinafunga dolutegraviri tumboni isiingie kwenye damu. ARV ikunywewe masaa 2 kabla yake ao masaa 6 nyuma. Vidonge vya chuma na kalisiumu navyo vina shida hiyo, ila hivyo vinaweza kwenda pamoja na ARV kama mtu anakula chakula wakati uleule. Na akipata kifua kikuu, rifampisini inapunguza dolutegraviri, ndiyo maana wanaongeza kidonge cha pili cha dolutegraviri jioni. Mzee anaona vidonge vimeongezeka, anadhani ugonjwa umemushinda, anaacha vyote. Mtu mmoja akikaa naye dakika tano kumueleza, haachi.

Na majani? Siwezi kuyadharau, nusu ya masomo yangu ilikuwa majani. Lakini mmea ni kiwanda cha kemia. Anayekunywa majani amwambie munganga, na munganga naye asimtukane, juu akimtukana mara moja hatasema tena maisha yake yote.

Kwa akina mama kuna kansa ya mlango wa uzazi. OMS inasema mwanamke anayeishi na virusi yuko katika hatari mara sita kuliko asiye navyo. Anapaswa kuanza kuchunguzwa kutoka miaka 25, na kurudia kila miaka mitatu mpaka mitano. Kuchunguza kwa siki, ile ya kupaka na kuangalia kwa macho, kunafanyika hata pasipo laboratwari kubwa. Mama wa miaka 55 anasema, "Mimi nilishamaliza kuzaa, muache." Lakini kansa hiyo inapenda hasa umri huo. Kisha mifupa: hedhi ikikoma mifupa inapungua nguvu, na tenofoviri inapunguza kidogo tena. Kuanguka mara moja kwenye mteremko wa Kabare wakati wa mvua kunaweza kumfanya mtu asisimame tena.

Hapo ndipo sisi wa kilimo tuna la kusema. Sambaza wa Ziwa Kivu akiliwa mzima na miiba yake anatoa kalisiumu ambayo hakuna haja ya kuinunua kwa kidonge. Maharagi, lengalenga, sombe, avoka: mzee wa kijiji ana chakula cha moyo kuliko tajiri wa mjini, shida ni kwamba mara nyingi anauza kizuri na anabaki na fufu. Makayabu na vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi vina chumvi nyingi. Mwenye tansio apunguze. Na kuna uongo mmoja unaozunguka vijijini: eti ukikunywa ARV bila kula inakuua. Kwa dawa zile za zamani kulikuwa na sababu za kushauri chakula, lakini kidonge cha leo kinakunywewa na chakula ao bila chakula. Wazee wanaruka dawa siku ya njaa kwa kuogopa, na kuruka ndiko kunaamsha virusi. Tafadhali, hili mulipeleke nyumbani.

Tena kuna majira. Msimu A unapandwa mwezi wa 9, msimu B mwezi wa 2. Ukimpa mzee siku ya kuchukua dawa katikati ya mvua ya kwanza, atachagua shamba, na mimi siwezi kumlaumu, juu mbegu hazingoji. Dawa ya kufuata kalenda ya mkulima inawezekana: OMS inakubali mgonjwa aliye imara apewe vidonge vya miezi 3 mpaka 6 kwa mara moja. Kinshasa, tangu 2010, kuna vituo vinavyoitwa PODI, ambapo wagonjwa wenyewe wanagawia wenzao dawa karibu na nyumba, bila foleni ya hopitali. Wazo zuri, na ni la Wakongomani. Ila miezi sita bila kuonana na munganga ni mirefu kwa mtu wa miaka 65. Nani atapima tansio katikati? Hata mwenye kugawa dawa anaweza kufundishwa kupima tansio kwa siku moja.

Upande wa pesa tusidanganyane. ARV ni za bure, lakini nyingi zinanunuliwa na wafadhili: Mfuko wa Dunia, na Wamarekani kwa PEPFAR. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwezi uleule vita vikafika Goma, mwezi uliofuata Bukavu. Kijana anaweza kukimbia na kutafuta santre nyingine. Koko anakimbia na wajukuu, kibeseni na godoro, na vidonge vimebaki chini ya kitanda kwa sababu alikuwa anavificha. Na tansio yake hakuna aliyewahi kuilipia, hata wakati wa amani. Sheria tunazo: Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema mzee ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kumbagua mtu juu ya virusi. Mzee mmoja kati ya mia anazijua? Sisi tuliosoma ndio tungemsomea.

Jambo la mwisho kwa wanaoishi nyumba moja na mzee wa namna hii. Kuna koko ambao hawataki kubeba mjukuu, wanakula kwa sahani yao peke yao, wanaogopa kuchanja mtoto kucha. Sahani, kumbatio, kulala kitanda kimoja na mtoto, hayo hayajawahi kuambukiza. Na yule ambaye kipimo cha wingi wa virusi hakioni kitu kwenye damu, hata kwa bibi ao bwana wake haambukizi kwa tendo la ndoa. Tafiti za maelfu ya ndoa zimethibitisha. Amwambieni. Kuna watu wamejitenga na familia miaka kumi kwa sababu ya jambo ambalo munganga angemuondolea kwa sentensi moja. Na akikuambia siri yake, haiendi kwenye WhatsApp ya familia, hata kwa nia ya kumuombea. Wauguzi vijana walio kati yetu, nanyi nawaomba: mzee akija, haanzi kuulizwa "uliipata wapi?" Anaanza kusalimiwa, "Shikamoo muzee, umeamkaje?" Kiisha afungwe mkono, apimwe tansio.

Kwa wanaotafuta kichwa cha memwari mwaka huu, wa afya, wa takwimu, wa sosholojia, hata wa kilimo: santre zina registre ya wagonjwa wa ARV, na ndani yake kuna safu ya umri. Kwa ruhusa ya munganga mkuu wa zone ya afya, bila kuandika jina la mtu, muhesabu waliopita miaka 50. Kisha muangalie ni wangapi kati yao tansio imeandikwa hata mara moja katika mwaka. Kazi ya juma mbili, kalamu na daftari.